Wiki Sita Ndani ya Sanduku la Patasi

Mwananyamala,
Dar es Salaam.
9 Machi, 1975.

Mpendwa mpwa wangu Sesilia,

Marahaba, mwanangu. Shikamoo yako imefika salama kuliko bahasha iliyoileta. U hali gani huko Leipzig? Kifua kimepona, au baridi bado inakusumbua? Sisi huku tunaendelea. Mvua haijaanza, na unga tunaokula ni ule wa njano uliokuja kwa meli, ambao watu wameuita Yanga. Mkaza mjomba wako Filomena anaupika vizuri, lakini mimi humwambia auchekeche mara mbili. Siamini chakula kilichotoka mbali namna hiyo.

Bahasha yako ilifunguliwa pembeni, kisha ikabandikwa kwa gundi nyingine. Nimewauliza wote walioipitisha mikononi, na wote wameapa. Mimi ni balozi wa nyumba kumi, nimeshaona watu wakiapa. Nikasema mbele yao kwamba anayezuia au kuchungulia barua ya mwenzake ni mwizi sawa na mwizi wa kuku. Nilisema kwa sauti, mtaa mzima ukasikia.

Sasa kaa chini usome polepole. Mama yako ana uvimbe kwenye titi la kushoto. Tulikuficha ili usome kwa utulivu, na mimi ndiye niliyeamuru hivyo. Mwezi wa Desemba uvimbe huo ulikuwa kama punje ya kunde. Hospitalini walimkata kinyama kidogo, wakakitia katika chupa na kuandika jina lake juu. Nikauliza kinakwenda wapi, nikaambiwa maabara. Sisi tuliokua tukitishwa habari za mumiani hatupendi kuona chupa yenye jina la dada yetu.

Halafu Mwanakombo, jirani wa nyumba ya tatu, akanisimulia habari za mdogo wake. Alipasuliwa titi, na kabla ya mwaka kwisha ugonjwa ukaonekana mgongoni. "Kisu ndicho kilichouamsha, balozi," aliniambia. Nikaona ana hoja. Usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Nawe unajua kwetu Wamakonde, dada akiugua neno ni la kaka yake. Neno langu likawa tungoje.

Katika kungoja huko ndipo barua yako ikafika. Mimi nilikuuliza kwa utani tu Serikali inakusomesha nini, nawe ukanijazia kurasa nne. Ati ndani ya yai la kuku, siku ya kwanza tu ya kuatamiwa, kuna chembe hai zimejipanga bega kwa bega, zimeshikana kama ukili wa mkeka. Ati saa yake ikifika, baadhi zinawaachia jirani zao, zinabadilika umbo, zinazama chini na kutembea hadi mahali pengine, zikawe nyama na mifupa ya kifaranga. Ati bila hivyo hakuna kuku, na wala hakuna Sesilia. Na ati mtu akijikata, ngozi ya ukingoni mwa kidonda hufanya mambo yanayofanana na hayo: inalegea, inasogea, na ikishaziba pengo inatulia.

Sikuamini hata kidogo. Nilidhani Wajerumani wamekulisha maneno.

Basi siku moja nachonga mpingo, patasi ikateleza ikanikata kidole gumba. Mama yako alikuwepo, akanifunga kitambaa. Nikasema vizuri, sasa tutaona. Kwa siku tisa, kila asubuhi nilifungua kile kitambaa nikakitazama kidonda. Filomena alinicheka, akasema nimekuwa askari wa kidole. Lakini niliiona, Sesilia. Ngozi nyembamba ilitoka ukingoni, leo kidogo na kesho kidogo, bila mtu kuivuta. Ilipokutana ya huku na ya huku, ikasimama.

Nikarudi kwenye ukurasa wako wa nne, ambao mara ya kwanza niliuruka. Umeandika kwamba mwalimu wako anashuku saratani nayo inatumia njia hiyo hiyo. Chembe zake zinaachia, zinatembea, zinaingia kwenye mishipa, na hizo hazina mahali pa kutulia. Umeandika kwamba zaweza kuondoka kabla kisu hakijagusa mtu, na waliochelewa huja kukilaumu kisu. Katika daftari langu naandika kila mgeni anayelala katika nyumba zangu kumi. Wanaohama kimya kimya huwa najua baadaye, nikikuta mlango umefungwa.

Nimekwambia juu ya mwizi wa barua. Tarehe 20 Januari ilifika barua ya hospitali kwa anwani yangu, ina jina la mama yako. Ilisema ni saratani, aje ndani ya wiki moja apasuliwe. Niliiweka chini kabisa ya sanduku la patasi. Sikumwambia mtu, hata Filomena. Ilikaa humo wiki sita.

Jumatano iliyopita nilimpeleka mwenyewe. Uvimbe sasa ni kama korosho. Daktari Elinaza, mama mmoja mpole, alimpapasa kwapani, akapapasa tena. Kisha akauliza barua yake tuliipata lini. Nikamjibu, "Posta zetu unazijua, daktari." Mama yako aliinama.

Tulipotoka nje akanishika mkono. "Kaka Leonardi, mie barua ile niliiona. Siku ulipojikata, nilipekua sanduku nitafute kitambaa. Nikaisoma. Nikadhani unajua jambo nisilolijua mie, nikangoja uniambie."

Miaka miwili sasa anakwenda kwenye kisomo cha watu wazima, na balozi aliyemwandikisha ni mimi. Namshuku kila mtu mtaani hapa, mwanangu, na sikuwahi kushuku kwamba dada yangu anajua kusoma. Nina aibu, na ninaogopa.

Atapasuliwa Alhamisi. Daktari anasema hawezi kujua yaliyomo kwapani mpaka afungue. Filomena ananiambia nisijilaumu, nami simwamini.

Kaka yako Alfonsi anakusalimu, na bibi yako Yustina kutoka Masasi anauliza kama huko kuna mihogo. Mwanakombo naye anakusalimu. Nilimnunia siku mbili, kisha nikaona namwonea bure. Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe akili njema katika mitihani, na akurudishe umkute mama yako.

Nina ombi moja tu. Muulize mwalimu wako wiki sita ni nyingi kiasi gani. Lakini jibu usiniandikie mimi. Juu ya bahasha weka jina la mama yako. Nitamkabidhi ikiwa imefungwa, na ataisoma mwenyewe.

Wako akupendaye hata ukinikasirikia,
Mjomba wako,
Leonardi