Kwa Gracien, Mtu wa Sita Katika Ndege Ile

Umetimia mwaka mmoja, Gracien, tangu ile ndege ya mabomu iondoke Fort Worth asubuhi na jina lako likiwa kwenye orodha ya waliopanda, ikielekea maonyesho ya Houston, isifike. Walioiona mwisho walisema iliupita mji ikaenda baharini, injini moja ikitoa moshi. Mlikuwa watu sita.

Ilikuwa ndege ya Vita vya Pili vya Dunia. Siku tano ulifanya kazi ya bati kiwandani, na Jumamosi ulikwenda kuitengeneza bure. Emérance mkeo alikuwa akikuta ribiti zako, vile vipini vya kuungia bati, kwenye mashine ya kufulia, anakugombeza, nawe unamwambia, "Nirudishie, hizo bado zina kazi."

Kaka yako Fidèle alikuambia wazi: "Sisi tumekimbia vita, tumekaa kambini miaka kumi na miwili, halafu wewe unakwenda kupangusa ndege ya vita?"

Ukacheka. "Kaka, hii haibebi mabomu tena. Inabeba wazee waliopigana wakiwa vijana. Wanataka kuipanda mara moja kabla hawajafa."

Ulikuwa mtu wa kuwapisha wengine. Mara tatu ilikuwa zamu yako kuruka, na mara tatu ulishuka ukamwachia kiti mzee fulani au mtoto wake. Hapo ndipo Emérance amejishikiza mwaka mzima. Anasema labda siku ile pia ulishuka.

"Gari lake lilikutwa uwanjani," Fidèle alimwambia.

"Gari si mtu, shemeji."

"Na mtu hakai mwaka mzima bila kupiga simu."

"Labda amelazwa mahali, hajui hata jina lake. Wewe umeangalia hospitali zote?"

Hakuwa ameziangalia.

Mwezi uliopita wazamiaji waliikuta ndege chini ya bahari, mbali kidogo na Galveston. Walitoa mifupa. Ilikuwa imechanganyika, kwa hiyo kila familia iliombwa mate ya mtoto au ndugu wa damu, ijulikane nani ni nani. Fidèle angetoa yake siku ileile, lakini nyinyi mlilelewa pamoja kambini tu, damu si moja. Ilibidi atoe Annick, binti yako.

Familia tano zilipeleka. Bahasha yetu ya kupelekea mate Emérance aliificha katikati ya vitenge. Simu ikiita kutoka Houston, anaacha sufuria jikoni anatoka nje. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Annick, miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa akipokea na kusema mama yuko kazini, huku mama amesimama mlangoni anasikiliza.

Jumapili iliyopita Loice alikuja kutoka Sugar Land. Mumewe Gichuki alikuwa fundi wa redio kwenye ndege yenu. Loice ni nesi, Mkenya, hazunguki maneno.

"Mama Annick, sijakuja kukusukuma. Lakini mume wangu ako kwa friji ya serikali na namba badala ya jina. Hawapeani mtu mpaka familia zote sita zimalize."

"Wewe wako unajua alipanda."

"Najua. Nilimpeleka mwenyewe, na tukagombana njiani juu ya parking. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake. Parking!"

Emérance alikaribia kucheka, akajiziba mdomo. Kisha akasema, "Nikitoa, watasema ni yeye."

"Ama watasema si yeye."

"Hilo nalo naliogopa. Kama si yeye, basi yuko wapi huyo asiyenipigia?"

Ni Annick aliyeinuka, akaleta bahasha. Kumbe siku zote alijua ilipo. Akaketi, akafungua mdomo kama yuko kwa daktari wa meno. Loice akanyoosha mkono achukue kijiti cha pamba cha kupangusia mate.

"Hapana," Emérance akasema. "Huyu ni wangu, nitafanya mimi."

Annick akaushika mkono wa mama yake, wakafanya pamoja.

Bahasha iliondoka Jumatatu. Wamesema majibu ni baada ya wiki sita. Kwa hiyo ndugu na marafiki mnaouliza siku ya kuondoa matanga, hatuna siku. Misa itasomwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi, Lewisville, kwa ajili ya wote sita. Njooni. Ila mtu asimuulize Emérance kama Houston wamepiga simu. Wakipiga mtajua.

Gracien, kama ni wewe, tutakuja kukuchukua tukuzike kwa jina lako. Kama si wewe, tafadhali piga simu. Namba ya nyumbani haijabadilika.

Wanaokukumbuka: mkeo Emérance, binti yako Annick, kaka yako Fidèle, Loice, na familia za wenzako wengine wanne.

Hatujakusahau hata siku moja, wala hatutaanza leo.