Mtumbwi Wetu wa Koa

Mji wa Hilo, Jumapili

Mpendwa dada Haunani,

Aloha nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Las Vegas? Mgongo unaendeleaje, na joto halijakuchosha? Sisi tu wazima, ila nywele zangu zimejaa vumbi la mbao, na nikipiga chafya unatoka unga wa mti wa koa.

Dada, mtumbwi umekaribia kwisha, siwezi hata kukaa kitako! Lile gogo alilolichonga Baba miezi kumi na minne sasa ni mtumbwi wa makasia sita. Wiki tatu tumepiga msasa, tukianza na ule mkali unaochuna vidole mpaka ule laini kama karatasi ya kitabu. Kila nikidhani nimemaliza, Baba anafumba macho, anapitisha kiganja, anasema hapa pana kilima, nikishushe. Mjomba Kaipo alituletea poi, ule uji wake mzito wa magimbi, akauliza kama tunatengeneza mtumbwi au tunausugua mpaka uishe.

Jana tuliufuta kwa kitambaa chenye maji. Mbao ilipolowa, rangi ikaibuka yote kwa mpigo: wekundu, dhahabu, na mistari inayocheza ukisogeza kichwa. Nikapiga kelele kama mtoto. Baba akacheka. Halafu akasema, "Haunani angekuwepo, lisingempita kwaruzo hata moja."

Jina lako, dada, kinywani mwake, kwa mara ya kwanza tangu mtumbwi wa Babu uvunjike miambani miaka tisa iliyopita.

Nikaweka kitambaa chini. Nikamwambia, na sasa nakuambia wewe. Ule mtumbwi uliufunga vizuri. Mimi niliufungua alfajiri nikamtembeze rafiki yangu, na niliporudi nilifunga fundo la harakaharaka kwa kuwa nilichelewa shule. Mawimbi yalipouchukua, watu wote walikutazama wewe. Nilinyamaza ulipofokewa na Baba. Nikanyamaza ulipofunga mizigo. Sina cha kujitetea.

Baba hakunifokea. Alikaa juu ya ndoo ya vanishi, akauliza, "Yeye anajua ni wewe?" Nikasema hajui. "Basi kalamu iko wapi?"

Leo asubuhi tumepaka vanishi mkono wa mwisho. Mtumbwi unang'aa hadi unaweza kujiona uso, isipokuwa pale mbele, kwenye omo, ambapo Baba ameacha nafasi ya viganja viwili, kavu. Nilipoisogelea na brashi, alinipokonya. Anasema hapo ni pako, na mtumbwi hautagusa maji mpaka uje upamalize. Ana neno la kukuomba, lakini hataki lipitie kwenye barua yangu.

Mama anakusalimu, na Mjomba Kaipo anawasalimu watoto. Kama hutaki kuniona, njoo vilevile. Nitahamia kwa Mjomba.

Mdogo wako,
Kapualani