Kwako, Bi Barafu wa Chumba cha Baridi

Mwaka umekatika tangu utuache, mama watoto, na mimi hata kuvua viatu jioni ni kazi.

Pale maabara walikuita Bi Barafu. Ulikuwa ukishinda kwenye chumba cha baridi ukisaga maini ya ng'ombe, mchicha na hamira, kutafuta vimeng'enya vinavyokatakata protini zilizochakaa. Nje kwenye joto, ulisema, vinaharibika kabla hujavipima.

Mimi shule niliishia njiani, kazi yangu kubomoa nyumba kuukuu, lakini ulinielewesha tukiwa mezani. Ulisema vimeng'enya hivyo havikati bure, sharti chembe hai ya mwili ivipe nguvu kwanza. Vipande vinavyobaki inavijengea tena.

"Kama mimi," nikasema. "Sipandi ngazi na njaa, na tofali zima silitupi."

"Ndiyo hivyo, fundi."

"Na kwenye mchicha vimo?"

"Vimo. Hata bakteria wana vya kwao, vinafanana na vyetu. Viumbe vimebadilika vizazi na vizazi, kazi hiyo haikuachwa. Chembe isiyoondoa uchakavu wake haiishi."

"Na kaka yako asiyetupa hata kiatu kilichochanika je?"

"Vyake vimegoma."

Ukacheka. Wakati huo ulikuwa unacheka bila kukohoa.

Uliomba makoti mazito na zamu fupi. Wakubwa wakakwambia usubiri. Viti vipya vya ukumbi wa mikutano vilipatikana, makoti hayakupatikana. Kifua kikabana, nimonia ikakuchukua. Mazishini mkuu wa maabara akakusifu kwa uvumilivu.

Sasa binti yetu mkubwa ameshika kazi yako, chumba kilekile. Wiki hii ameanza kukohoa. Nikamwambia aache.

"Baba, sampuli za mama zimefika nusu. Nikiondoka watazimwaga."

Nikamfuata mkuu. "Mzee, suala lenu linashughulikiwa," akasema, macho kwenye simu.

Tumekubaliana hapa nyumbani. Kuanzia kesho binti haingii mle mpaka apewe koti, na mimi nitakaa mlangoni kwa mkuu, kila siku, mpaka litoke. Kusimama sina nguvu tena. Kukaa naweza.

Unakumbukwa na mumeo, binti zako wawili, kaka yako, mama yako mzazi na wenzako wa chumba cha baridi. Hututoki moyoni, leo wala kesho.