Sitaha Niliyoilainisha

Jumamosi, 2 Julai 1977
Msasa tangu asubuhi. Vanishi inabanduka kama gamba la nyoka. Mashua imekaa juu ya magogo uani, kati ya migomba, urefu wake hatua saba. Ukungu ukishuka magogo hayaonekani, inakuwa kama inaelea. Nimeacha kazi mara mbili ili niitazame tu.

Jirani yetu, Muha mmoja, alipita na jembe. Akauliza kama ziwa linahamia Kasulu. Nikasema bado.

Tatu, mdogo wangu, ananitazama kutoka barazani, mguu kwenye plasta. Ni mkunga. Mashua hii humpeleka vijiji vya kando ya Ziwa Tanganyika ambako hakuna barabara. Mumewe Hamadi anashika tanga, yeye anazalisha. Mwezi wa tano aliteleza juu ya sitaha, mguu ukavunjika. Hamadi akamleta kwangu apone, na mashua juu ya lori niitengeneze. Wote wanasema ni mvua.

Si mvua. Ni mimi. Naandika hapa tu.

Jumatatu, 4 Julai
Usingizi wa vipande. Mwaka jana niliteremka Kigoma kuwatengenezea sitaha. Ilikuwa na rangi kuukuu iliyochanganywa na mchanga, inakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Nikaona uchafu. Mimi fundi wa milango. Mkono wangu unajua kulainisha. Nikaparua yote, nikapiga randa, nikapaka vanishi mara tatu. Ukiinama unaona uso wako. Hamadi akasema, "Shemeji, haitateleza?"

Nikamcheka.

Jumatano, 6 Julai
Kasulu rangi hakuna. Nimeipata Kibondo, kopo moja la kijivu, la mwisho dukani. Nimelipakata njia nzima juu ya magunia ya mahindi, nyuma ya lori. Nikasinzia. Vilima vikapanda na kushuka, bluu, polepole, na mimi nikawa sijui kama tunakwenda au vinakuja.

Alhamisi, 7 Julai
Sabasaba. Watu kwenye sherehe, mimi kijitoni. Mchanga mwembamba, nimeuosha mpaka maji yakawa safi. Nimeuanika mkekani, nikauchekecha kwa chekeche la unga la Mariamu. Mke wangu aliona. Akaenda kuazima jingine kwa jirani. Afadhali angenigombeza.

Jumapili, 10 Julai
Nimepaka alfajiri, sikuweza kusubiri. Rangi ikiwa mbichi nikaunyunyiza mchanga kutoka juu, ngumi inafunguka kidogo kidogo. Unashuka kama mvua ya ndotoni, isiyo na sauti. Sijawahi kufanya kazi nzuri namna hii.

Jumatatu, 11 Julai
Imeharibika. Nimepitisha kiganja, mchanga wote umekuja, na rangi yake. Mbao zilikuwa na umande. Pupa yangu. Nusu ya kopo imekwenda na Hamadi anakuja na lori wiki ijayo.

Nimekaa ndani ya mashua hadi jua likawaka. Tatu akauliza kutoka barazani, "Kaka, unalia?" Nikasema vumbi. Namdanganya hata kwa vitu vidogo.

Jumatano, 13 Julai
Jana hospitali wamemtoa Tatu plasta. Mguu mwembamba, umepauka. Anatembea na gongo.

Nimeparua upya. Nikangoja saa saba mchana, mbao zikawa moto. Rangi nyepesi, mchanga juu yake. Jioni nimefagia uliobaki. Umeshika. Nimesugua kwa kiganja mpaka kikatoka damu. Umeshika.

Ijumaa, 15 Julai
Rangi ya pili juu ya mchanga, kuufunga. Kopo tupu.

Baada ya sala nimemwambia Tatu. Yote, pamoja na kicheko. Akasema taratibu, "Kuna mama alijifungua peke yake mwezi wa sita, mimi niko hapa nimelala. Mtoto hakuishi. Nimekuwa nikijilaumu kwa kutotazama ninapokanyaga."

Akaingia ndani.

Sikulijua hilo la mtoto.

Jumamosi, 16 Julai
Hasemi nami. Mariamu anabeba sahani huku na huku. Ukungu mchana kutwa. Sauti za watu zinakuja bila watu.

Jumapili, 17 Julai
Baada ya alasiri Tatu ametoka na gongo lake. "Mwaga maji."

Nimemwaga ndoo tatu. Akavua kandambili, akapanda, akakataa mkono wangu. Gongo akampa Mariamu. Akatembea kutoka mbele hadi nyuma, akarudi. Mimi sipumui.

"Sasa tia sabuni."

Nikatia. Povu likafunika sitaha nzima, jeupe, na yeye akawa kama anatembea juu ya wingu. Alitembea kwa makusudi, ovyo, haraka, hata akageuka ghafla kwa ule mguu mbovu. Nyayo zilishika.

"Inashika," akasema. Basi.

Nimelia mbele yao. Sikusema vumbi.

Jumanne, 19 Julai
Hamadi alifika jana na lori. Wameondoka asubuhi. Hamadi nyuma na mashua, Tatu mbele kwa dereva. Jana Tatu alikula nasi, akaongea na Mariamu. Na mimi, kidogo.

Kabla ya kupanda alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu. Mikwaruzo bado mibichi. Akapuliza, kama tulivyokuwa tukipuliziana utotoni mtu akianguka. Hakusema amenisamehe. Sikuuliza.

Lori limeshuka na barabara, likaingia kwenye vumbi jekundu. Kwa muda niliona ncha ya mashua peke yake, juu ya vumbi, inakwenda.

Mariamu amepika maharage. Tumekula nje, tumekaa. Ua umekuwa mkubwa.