Mke wa Profesa na Majongoo Bahari

Mdogo wangu Rehema,

Hamjambo huko Kilifi? Mimi mzima, ila leo nimekasirika mno. Mvua ilitukuta mjini, mimi na Shangazi, tukajificha kwenye maonyesho ya viumbe wa baharini. Nikaona majongoo bahari kama yale unayoyasomea, yamechorwa kwa mkono vizuri ajabu. Mzee anayesimamia pale akatuambia aliyeyachora na kuyachunguza ni mama mmoja wa zamani, na kazi hiyo aliifanya maisha yake yote. Lakini kibao kinasema tu, "Mke wa Profesa."

"Kwani hakuwa na jina?" nikamuuliza.

"Alikuwa nalo, aliitwa Harriet. Wageni huwa hawaulizi."

Shangazi akapandisha sauti, "Sisi si tumeuliza? Liandike!"

Mzee akaliandika kwenye kikaratasi, akakibandika hapo hapo. Hata hivyo hasira haijanitoka, kwa sababu sijui kama kesho hawatakibandua.

Rehema, utafiti wako ukichapishwa, usikubali mtu akufiche nyuma ya jina lake, hata awe mwalimu wako. Nakukumbuka sana, mpenzi. Ule vizuri.

Dadako,
Mwanasha