Mama, Nilikosea Mlango

Mama yangu mpendwa,

Nisamehe. Mahindi yalikuwa ya magotini siku uliyoondoka hapa, sasa watu wameshavuna na mabua yameliwa na ng'ombe, na mimi sijakuandikia neno. Simu ya jirani nimeiazima mara nyingi, lakini nikisikia tu unasema "haloo", nakata. Ile namba iliyokuwa inakusumbua ni mimi.

Nakumbuka tukiuza visamaki vyako vya omena pale sokoni Rodi Kopany, mimi nikiwa na umri wa Achieng' wangu sasa. Mwanamke aliyebeba mtoto ulikuwa unamjazia kopo la gorogoro halafu unaongeza kiganja kizima juu. Nikakuuliza mbona, ukasema, "Huyo analisha wawili." Nilidhani nikizaa, na mimi nitakuwa hivyo.

Halafu ukaja siku ile bila kutuma habari. Ulimkuta Achieng', miaka mitano tu, amepanda juu ya debe anakoroga uji kwa jiko, na mimi nimelala sakafuni, mlango wazi. Hukupiga kelele. Ulizima jiko, ukamfunga mtoto mgongoni ingawa ni mkubwa, ukaniambia, "Akoth, sikufukuzi. Nabeba tu kile umeshindwa kubeba." Patipati yake moja ikamtoka mguuni, ikaanguka mlangoni. Ninayo mpaka leo.

Unajua nilianza kwa kuonja. Nilikuwa namsaidia jirani kupika pombe ya chang'aa, na mpishi lazima aonje ajue kama iko sawa. Nikaonja mpaka nikasahau kupika.

Sasa sikiza. Nesi mmoja aliniambia kuna kikundi cha watu wanaoacha pombe, hukutana Jumatano saa nane mchana kwa ukumbi wa kanisa hapa Oyugis. Nikaoga, nikaenda. Nikakuta watu wameketi kwa duara, wameinamisha vichwa, mama mmoja analia. Nikajiambia, hawa ndio wenzangu. Zamu yangu ya kujitambulisha ilipofika nikasimama.

"Naitwa Akoth. Pombe imenishinda."

Mzee aliyeshika daftari akaniangalia juu ya miwani. "Pole, binti yangu. Lakini sisi hapa tunapanga mazishi."

Mama, nilitafuta mlango nisiuone. Ndipo yule aliyekuwa analia, kumbe ndiye mjane, akainua uso. "Mwacheni. Hata mume wangu ilimshinda. Ni nyinyi mnaosema eti ameuawa na presha." Mtu mmoja akakohoa.

Mama mwingine, mnene, wanayemwita Min Ouma, yaani mama Ouma, kwa jina la kifungua mimba wake, akanishika mkono akanitoa nje. "Kikundi chetu ni mlango ule mwingine," akasema. "Mimi huu ni mwaka wa sita sijaonja. Huyu marehemu nilimwita mara tatu. Akasema atakuja baada ya mavuno."

Kabla hatujafika mlango huo, mzee akapaza sauti nyuma yetu: "Lakini siku ya mazishi sufuria ataosha! Jina lake nimeshaandika!"

Nikacheka, mama. Sikumbuki mara ya mwisho nilicheka nikiwa na akili zangu.

Na sufuria niliosha kweli. Siku ya mazishi vijana walikuwa na jerikani yao ya chang'aa nyuma ya jikoni, harufu inanifikia pale pale nilipochuchumaa. Min Ouma aliiona pua yangu ikigeukia huko. Hakunihubiria. Akasema tu, "Sugua hiyo, bado ina masizi." Nikasugua.

Usidhani ni muujiza. Wiki ya tatu nilianguka, nikanywa tena. Jumatano nikaenda hivyo hivyo nikinuka, na hawakunifukuza. Tunakaa kwa viti vidogo vya watoto wa shule ya Jumapili, magoti karibu na kidevu, tunakunywa chai, kila mtu anasema wiki yake ilikuwaje. Tangu hapo sijaonja, hii ni wiki ya nane. Napika mandazi kwa hoteli kuanzia alfajiri mpaka miguu inavimba. Nachoka sana, lakini jioni najua nimechoshwa na nini.

Jambo moja nakukataza, kwa heshima. Nimesikia umemwambia Achieng' eti niko Nairobi kazini. Usimwambie hivyo tena. Mwambie mamake yuko Oyugis, alikuwa mlevi, sasa anajifunza kuacha. Nimeona uso wa yule mjane pale mazishini, watu wakitaja presha. Sitaki mtoto wangu awe na uso huo.

Nitakuja shule zikifungwa, mchana, watu wakiniona. Ukitaka kuninusa mdomo kabla hujanipa mtoto, ninuse, sitakasirika. Na ukiona bado, nitarudi Oyugis, kisha nitakuja tena.

Kwa sasa naomba unitumie kadi ya kliniki ya Achieng'. Ile shuka yangu ya kijani, maana baridi ya asubuhi imezidi. Omena gorogoro moja ya Min Ouma, na uongeze kiganja juu. Na uzi. Msimamishe Achieng' sakafuni bila viatu, upime kutoka kisigino mpaka ncha ya kidole kikubwa, ukate hapo hapo. Usikadirie. Nataka kumnunulia viatu vya shule, na hii patipati ninayolala nayo najua haimtoshi tena.

Ni mimi binti yako,
Min Achieng'