Vidonge Kwenye Pindo la Kanga

Mama,

Ufuta wa shamba la Malolo tumeuvuna, wa pili huu tangu uondoke. Dada aliufunga miganda peke yake. Mimi nilichelewa kama kawaida yangu na hakuna aliyenigombeza. Nimekumbuka hata kugombezwa, mama.

Walipokuosha, shangazi alifungua pindo la kanga yako akakuta vidonge. Ni vile vipya vya kifua kikuu nilivyokuwa nikikupa kila asubuhi wodini Nachingwea, tangu mwezi wa Ramadhani ulipoandama. Bi Somoe wa kitanda cha pili akasema, "Alikuwa anavitunza. Alisema atavimeza vyote Idi ikipita."

Kosa ni langu. Daktari alinipa mimi, dresa, msaidizi wake wodini, kazi ya kuhakikisha kila mgonjwa wa majaribio ya dawa hiyo anameza, kisha apanue kinywa nitazame. Watu wazima wote niliwatazama vinywani. Kwako nilishindwa. Mtoto gani anamwambia mama yake, "Hebu panua nione"? Nilikuwa nageukia dirishani.

Daktari alikwisha andika kwamba kwako dawa imeshindwa. Ingebaki hivyo, wakubwa wake wangesema haifai, na wenzako wangerudishwa makwao wakakohoe. Nikamweleza ukweli, nikijua kazi sina tena. Alikata yale maandishi, na kazi akaniachia. Akasema huko maabara dawa hii iliwaponya panya, ndiyo maana hakuwa ameelewa kwa nini wewe ilikukataa. Nikamjibu kwamba panya hawafungi. Sijui ujasiri ule niliutoa wapi, ungekuwepo ungenifinya.

Ramadhani ya mwaka huu tumetoa vidonge baada ya futari. Bi Somoe amepona, amenenepa, amerudi kwao Naipingo na analima. Siku anaondoka nilimbebea mzigo wake hadi barabarani nikicheka naye, kisha nikarudi nyuma ya wodi nikalia. Nilitaka uwe wewe, mama. Bado nataka.

Lala salama. Nakuahidi sitamwonea mtu haya tena mbele ya dawa, hata akiwa shangazi.

Dada ameniambia juzi tu kwamba uliogopa kufa ukiwa na siku za saumu za kulipa. Kwa nini hukuniambia? Ungekula, mama. Ungemeza. Siku zako zote ningekufungia mimi.

Mwanao,
Saidi